Pete Iliyojaa Vizuri

Mtu akiniuliza ninafanya kazi gani, humjibu kwamba naoka udongo. Sitanii. Asubuhi nafungua oveni, natoa vikopo vya bati vyenye udongo uliolala humo tangu jana yake, naviacha vipoe, napima uzito, naandika. Mama yangu, aliyeuza maharage sokoni Kabanga mpaka magoti yakamgomea, hajawahi kukubali kwamba hiyo ni kazi. "Nimehangaika usome," aliniambia siku moja, "halafu unaoka kitu ambacho hakuna atakayekila?" Nilicheka, lakini iliniuma kidogo, maana mama hana utani na mambo ya shule.

Maabara yetu iko Biharamulo mjini. Ni chumba kimoja kirefu na stoo, basi. Tuko wawili: mimi na mkuu wangu, mtu wa Tanga, mpole, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Mimi ni Mhangaza wa Ngara. Kiswahili nilikikuta shuleni, na nikishapandwa na hasira, l na r zangu hubadilishana viti bila kuniomba ruhusa. Kuna siku umeme ulikatika oveni ikiwa katikati ya kazi, nikatoka nje nikasema kwa sauti, "Hawa watu wa umeme wanarara tu." Hadi leo umeme ukikatika mkuu wangu ananiuliza kama wamelala au wamerara. Simchukii, ila siku nyingine natamani kumrushia kopo.

Tunachopima, ukikisikia, ni jambo dogo: udongo fulani unashika maji kiasi gani. Tunagongelea pete ya chuma ardhini, pete pana kiasi cha kopo la maziwa ya unga, kisha tunaichimbua pamoja na udongo wake ndani bila kuutikisa, na kwa kisu tunakata kilichozidi juu na chini mpaka usawa wa ukingo. Tukifika maabara tunaifunga pete kitambaa kwa chini, tunaiweka kwenye sinia la maji, nayo inakunywa polepole kutokea chini mpaka ishibe. Hapo inaingia kwenye sufuria. Ndivyo tunavyoliita lile jungu zito la chuma lenye mfuniko wa kukaza kwa skrubu, ambamo tunasukuma hewa kwa nguvu ili iyatoe maji kwenye udongo. Yanayotoka kwanza ni yale ambayo yangeshuka yenyewe mvua ikikatika, yaende zake chini kwenye chemchemi na visima. Yanayofuata ndiyo yanayonywewa na mizizi. Halafu kuna maji ambayo udongo hauyaachii hata mmea unyauke juu yake, na hayo hayatoki ila kwa oveni.

Jambo ambalo watu hawalijui, na ambalo mimi nalijua kama jina langu, ni kwamba kazi kubwa ya kushika maji haifanywi na udongo wenyewe. Inafanywa na nafasi zilizomo ndani yake: njia za minyoo, matundu yaliyoachwa na mizizi iliyooza, vijishimo ambavyo jicho halivioni. Ukizivuruga nafasi hizo, unachopima si udongo wa pale ulipoutoa. Nimelisema hilo kwa wanafunzi wa mafunzo, nimelisema kwa madereva, nimelisema hata kwa mama. Yule ambaye alihitaji kulisikia kuliko wote sikumwambia.

Alikuja ofisini asubuhi moja ya mwisho wa kiangazi, kofia mkononi, viatu vyake vimefutwa vumbi pale mlangoni kwa jani la mgomba. Alikuwa mkulima wa Bisibo, mzee wa miaka sabini na kitu kwa kumtazama, na kwa miaka mingi alikuwa kwenye kamati ya msitu wa kijiji chake. Nilimwamkia shikamoo baba, akaitika marahaba mwanangu, akakaa kwenye kiti cha pembeni kabisa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Nimeambiwa hapa mnapima udongo," alisema. "Mimi nasema msitu unarinda maji. Wao wanasema unayanywa. Nimechoka kubishana. Pimeni."

Niliona midomo ya mkuu wangu ikitikisika kwa ile "unarinda". Nikamkata jicho, akainamia karatasi zake.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya kijiji chao kuna kilima, na kilimani kuna msitu ambao haukuwahi kulimwa. Chini ya kilima inatoka chemchemi ambayo kaya zote za upande ule huichotea. Mashamba yamekuwa madogo, watoto wameoa, na wengi walitaka msitu ugawanywe walime mahindi. Hoja yao ilikuwa kwamba miti inakunywa maji, kwa hiyo ikikatwa chemchemi itaongezeka. Mzee alikuwa amewapinga mkutano baada ya mkutano mpaka akabaki peke yake. Mwishowe akasimama akaweka ahadi mbele ya kijiji kizima: udongo wa msitu na udongo wa shamba upelekwe ukapimwe. Ukionekana wa msitu unashika maji zaidi, msitu uachwe. Ukionekana hauna tofauti, yeye atakuwa wa kwanza kushika panga. Wakakubali, wakampa muda hadi mkutano mkuu.

"Na kweli ungeshika panga, baba?" nilimuuliza.

"Nimesema mbele ya watu," alinijibu, akashangaa kidogo kwamba nimeuliza.

Tulikwenda Bisibo wiki iliyofuata. Nilianza na shamba la mahindi lililopakana na msitu. Mzee alisimama karibu akinitazama nikigonga pete kwa nyundo na kipande cha ubao, akitikisa kichwa kwa kuridhika, maana nyundo ni kitu anachokielewa. Kabla sijafika kwenye kukata kwa kisu, wingu lililokuwa limekaa upande wa Lusahunga likatufikia. Dereva akapiga honi. Njia ile ikilowa gari halitoki. Nikakimbiza pete zangu garini, nikazikatia humo humo magotini, na za msitu zikabaki kwa siku nyingine.

Siku nyingine haikufika. Gari la ofisi lilikufa Lusahunga, pale njia panda, likakaa siku nyingi kati ya malori likingoja kifaa, na mkutano mkuu ukawa unakaribia. Nilikuja juu. Niligombana na dereva, nikagombana na fundi wa Lusahunga kwa simu, nikagombana na mkuu wangu ambaye hakuwa amefanya lolote. Mwishowe nikampigia mzee kwenye simu yake ya kitochi. Mtandao ulikuwa unakatika, lakini tuliweza kusikilizana kidogo. Akasema, "Nitumie hizo pete. Nimekuona ulivyofanya. Ni kazi ya nyundo tu."

Nikazipanga pete kwenye boksi pamoja na ubao na nyundo, nikaandika maelekezo kwenye karatasi kwa mwandiko mkubwa ili macho yake yasihangaike. Pete zipigwe katikati ya msitu, si ukingoni. Ondoa majani ya juu kwanza. Zifungwe zisikauke. Mstari wa mwisho niliuandika nimesimama, basi la Lusahunga likiwa tayari linanguruma nje: *Tafadhali hakikisha kila pete imejaa vizuri.* Boksi likaenda kwa basi, kisha kwa bodaboda mpaka kwake.

Lilirudi baada ya siku nne, na nilipolifungua nilipendezwa. Kila pete ilikuwa imeviringishwa kwenye jani la mgomba na kufungwa kwa kamba ya gome, na katikati yao alikuwa ameweka nyasi zisigongane. Nilifungua ya kwanza. Udongo umejaa mpaka ukingoni, laini, sawa kabisa juu na chini, hakuna hata pembe iliyomeguka. Nilimwonyesha mkuu wangu. "Ona kazi ya mzee," nilimwambia. "Hata sisi hatukati hivi." Mkuu akaigeuza mkononi, akaitazama muda, akairudisha.

Pete za msitu zilikaa kwenye sinia pamoja na zile za shamba. Zilichelewa sana kushiba. Zilipotoka kwenye sufuria nikaziingiza kwenye oveni, na kesho yake nikapima. Zilikuwa nzito. Udongo wa msitu mara nyingi huwa mwepesi mkononi, una mizizi na majani yaliyooza na hewa nyingi. Huu ulikuwa mzito kuliko hata wa shamba. Nilishangaa, na mshangao wangu ulidumu kwa muda wa kumeza mate. Nikajiambia kilima kile kina changarawe. Nikaandika. Siku hizo nilikuwa nimechoka, umeme umenikatikia mara mbili, mkutano mkuu ni Jumamosi, na nilitaka kumaliza. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta sana.

Hesabu ilipokamilika, udongo wa msitu na udongo wa shamba vilikuwa karibu sawa. Kama kuna aliyeshinda, ni shamba.

Mkuu wangu aliisoma karatasi mara mbili. "Una uhakika?"

Nikaja juu. Nilimwambia mizani haijui kudanganya.

"Sikuuliza mizani," alisema. Lakini akatia saini, maana alikuwa ananiamini, na karatasi ikaenda Bisibo.

Nilimpigia mzee mwenyewe. Niliona si haki asikie mbele ya watu. Nilimweleza polepole, nikamwambia samahani baba, ndivyo ilivyotoka. Akasema, "Haya. Mmepima. Asanteni kwa kazi." Nilikaa na simu mkononi, nikawa na hasira na huo udongo kana kwamba umenitukana.

Wiki tatu baadaye alitokea mlangoni kwetu tena, kofia mkononi, na safari hii alikuwa na gunia dogo begani. Amekuja kushukuru. Sikujua niweke wapi uso wangu. Mtu umemshusha mbele ya kijiji chake, halafu anapanda basi akuletee maharage. Nilimkaribisha kwenye benchi la nyuma ya maabara, nikampa chai, nikamuuliza habari za nyumbani, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kuuliza habari za msitu. Alinieleza mwenyewe. Mkutano uliamua msitu ugawanywe, waanzie chini, karibu na chemchemi, ambako ni tambarare. Yeye alipewa kipande chake kama wengine.

"Nimeshakata mitano," alisema. "Panga langu halina makali siku hizi. Imenichukua siku mbili."

"Wewe mwenyewe, baba?"

"Si nilisema."

Hakusema kwa kulalamika. Alikunywa chai yake, akafuta mdomo, akaomba chombo cha kuwekea maharage. Nikamletea ndoo. Akatoa kopo lake mfukoni, kopo la bati lililokunjwa ukingo kwa nyundo, akapiga magoti pale chini na kuanza kunipimia. Zawadi ilikuwa ni ya kupewa tu, angeweza kuyamwaga yote mara moja, lakini kwetu zawadi nayo hupimwa ili mpokeaji aone mkono wa mtoaji. Alichota kopo likajaa. Akalitikisa. Maharage yakashuka. Akaongeza. Akaweka dole gumba juu na kushindilia, akazungusha, akashindilia tena na kisigino cha mkono, akaongeza nyongeza mpaka ikafanya kilima, ndipo akamimina kwenye ndoo.

Nilimtazama akichota la pili. Akatikisa, akaongeza, na dole gumba likashuka.

Mimi nimekulia kwenye kopo. Nilikaa miguuni kwa mama pale Kabanga, wateja wa ng'ambo ya mpaka na wa huku wakipita, na nilijua kabla sijajua kusoma kwamba kopo likichotwa tu halijajaa. Limejaa juu juu. Kopo lililojaa vizuri ni lile lililoshindiliwa. Mama alikuwa na dole gumba linalosifiwa soko zima. Muuzaji asiyeshindilia tulimwita mchoyo, na mteja hakurudi kwake. Hayo yote nayajua. Na bado nilichukua kalamu nikamwandikia mzee wa Bisibo, mtu mkarimu kuliko wote niliowahi kukutana nao, kwamba ahakikishe kila pete *imejaa vizuri*.

"Baba," nilisema. "Zile pete. Ulizijaza?"

Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilizijaza, mwanangu. Ule udongo wa msitu una mashimo mashimo, ukiutoa unabomoka pembeni. Nikaona aibu kukuletea pete nusu. Nikaongeza, nikashindilia, nikaongeza tena. Wewe si uliandika?"

"Niliandika," nilisema. "Asante, baba."

Nilishindwa kumwambia. Nakiri. Nilimsindikiza stendi, nikashika kofia yake wakati anapanda basi, nikampungia mkono. Kisha nikarudi maabara karibu nakimbia, nikaenda stoo. Desturi yetu ni kuchukua pete moja zaidi, ya akiba, na ya msitu ilikuwa bado kwenye rafu ndani ya jani lake lililokauka, haijaguswa na maji. Nilifungua kamba. Udongo ulikuwa umekauka na kuwa mgumu. Upande mmoja ulikuwa umepanguswa laini. Upande wa pili alikuwa hakuupangusa, labda alikuwa anaharakisha bodaboda isimwache, na hapo katikati palikuwa na alama ya dole gumba lake, pana, imezama, mpaka mistari ya ngozi inaonekana.

Mkuu wangu alinikuta nimekaa chini stoo. Nilimpa pete, akaiona, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Nilimwambia yote: karatasi ya maelekezo, uzito nilioupuuza, siku niliyomjia juu. Nilingoja anigombeze. Ningefarijika kama angenigombeza. Alikaa juu ya debe tupu, akasema, "Kesho twende na gari langu. Uchukue kisu."

Kufika Bisibo nikaviona visiki kabla sijaona kitu kingine. Vitano vya mzee vilikuwa pamoja, vimekatwa chini sana, kwa panga butu, kila kimoja kina alama nyingi nyingi za kupiga na kupiga tena. Vya wengine vilikuwa zaidi, vimekatwa kwa msumeno, na mahali pengine moto ulikuwa umeshapita. Lakini kazi ilikuwa bado iko chini chini. Juu, msitu ulikuwa umesimama.

Mzee alitupeleka. Hakuuliza kwa nini tumerudi, aliona pete tu akatangulia. Tulipofika katikati nikaondoa majani, nikagonga pete ya kwanza, nikaichimbua, nikakata kwa kisu. Udongo ulikuwa mweusi, unanukia kama mtungi mpya ukitiwa maji, na pembeni palikuwa na tundu la mzizi linaloingia hata kidole.

"Hapo pana shimo," mzee aliniambia kwa upole. "Hutaongeza?"

"Hapana, baba. Shimo hilo ndilo ninalolitaka. Humo ndimo maji yanamokaa."

Alichuchumaa mbele yangu. Akaitazama pete, akaitazama mikono yangu, halafu akatazama mkono wake mwenyewe, wa kulia, akaugeuza. Mkuu wangu akaondoka kidogo, akajifanya anatafuta kitu kwenye gari.

"Kwa hiyo ni kidole changu," alisema.

"Ni barua yangu, baba. Mimi ndiye niliyekosea kuandika. Na uzito niliuona, nikaufumbia macho."

"Barua haina kidole."

Nililia pale pale, nimeshika kisu, kama mtoto. Yeye hakulia. Aliniambia nimalize pete zangu kabla mvua haijaja.

Zile pete nilizisimamia kama mtu anayeuguza. Ziliposhiba maji niliona tofauti hata kabla ya mizani: zilikunywa haraka, zikakunywa sana. Kwenye sufuria maji yalitoka kwanza kwa wingi, yale ya kushuka chemchemini, na bado yalibaki mengi ya mizizi. Kwenye oveni ulibaki udongo mwepesi unaokaa kiganjani kama maandazi. Mkuu wangu alirudia kila kipimo kwa mkono wake mwenyewe. Sikumkasirikia hata kidogo.

Mkutano uliitishwa upya, na niliomba nisome mwenyewe. Nilisimama mbele ya watu wa Bisibo nikasema kwamba karatasi ya kwanza ilikuwa na makosa, na makosa ni ya maabara, na katika maabara ni yangu. Nikaeleza kuhusu nafasi ndani ya udongo. Nikaeleza kwamba miti inakunywa, ni kweli, hawakuota, lakini ardhi iliyo chini yake inapokea mvua na kuiachia taratibu, wakati shamba lile lililo jirani linaiachia ikimbie juu juu. Walisikiliza. Mtu mmoja kwa nyuma akauliza, "Pete si zilijazwa na mzee huyu? Kwa hiyo yeye ndiye aliyetuharibia?"

Damu ikanipanda kichwani. "Hakuna ariyeharibu ira mimi," nilisema, na nikasikia l zangu zote zimekimbia. Wawili watatu wakacheka. Mzee alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono yake ameificha chini ya kofia.

Waliamua sehemu iliyobaki ya msitu isiguswe. Ile ya chini iliyokwisha kukatwa wakaacha ilimwe, kwa kuwa watu walikuwa wameshatoa jasho lao. Mzee kipande chake hakukilima. Nilipopita tena miezi kadhaa baadaye, visiki vyake vitano vilikuwa vimeanza kuchipua, machipukizi mengi membamba kuzunguka kila kimoja, na alikuwa ameyazungushia miiba ili mbuzi wasifike. Chemchemi inatoka. Kina mama wanasema kiangazi kile ilipungua kidogo, na sijui kama ni kwa ajili ya kipande kilichokatwa au ni mwaka tu ulikuwa mbaya. Hilo sijalipima.

Msimu wa maharage ulipofika alikuja tena, kofia mkononi, gunia begani. Nilimwamkia, nikampa chai nyuma ya maabara, nikaleta ndoo bila kuombwa. Akapiga magoti, akatoa kopo lake lile lile. Akachota, likajaa juu juu. Dole gumba likainuka, likafika juu ya kopo, likasimama hewani. Akalirudisha. Akamimina maharage kwenye ndoo yakiwa hivyo hivyo, hayajatikiswa, hayajashindiliwa, wala nyongeza hakuweka. Akachota la pili, na tena mkono ukainuka, ukasita, ukarudi.

Nilikuwa nimeokoa msitu kiasi, na katika kuuokoa nimemfanya mtu huyu auogope mkono wake.

"Baba," nilimwambia, "hilo kopo halijajaa."

Hakuinua macho. "Nimejifunza kuacha kama lilivyo."

"Huo ulikuwa udongo. Haya ni maharage, na mimi ni mtoto wa muuza maharage wa Kabanga. Usinipimie hivyo."

Akaniangalia, akiwa bado amepiga magoti, akitafuta kama namtania. Sikuwa namtania. Akachota la tatu, akalitikisa, akaongeza, na dole gumba likashuka taratibu, likashindilia. Akaongeza tena. Mimi nikachuchumaa mbele yake, nikashika ndoo kwa mikono miwili isiyumbe, mpaka gunia likaisha.